Ndege Asiye na Magurudumu

Mwezi uliopita tulimuaga Mama Njeri hapa Rockville, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Nyahururu. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye korido na makoti yao mikononi. Njeri, binti yake, ambaye sasa ni mwanasheria wa watu wazito, alinifuata mlangoni akaninong'oneza, "Auntie Skola, two minutes only, please. Something nice about Mum." Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, ila kukijibu hajibu tangu alipoletwa huku akiwa na miaka minane. Nilisimama nikasema yaliyo mema: kwamba mama yake ndiye aliyenitafutia kazi yangu ya kwanza Marekani, kwamba alinifundisha kuendesha gari kwenye barafu, kwamba chapati zake zilikuwa laini hata siku ya pili. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakafuta machozi, nikakaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini nililotaka kulisema dakika mbili hazilitoshi, na isitoshe, huwezi kusimama mbele ya jeneza, mbele ya wazee wa kanisa, ukaanza habari za bundi. Ningetolewa nje kwa heshima zote. Kwa hiyo naiandika hapa, kwa nafasi yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, simu bado zilikuwa za kukunja, na mimi na Mama Njeri tulikuwa tumepanga besimenti ya nyumba moja Herndon, Virginia. Dirisha letu lilikuwa dogo, sawasawa na ardhi, tukawa tunawajua majirani kwa viatu. Theluji ikianguka inaliziba, na chumba kizima kinageuka rangi ya bluu hafifu. Ndege zilikuwa zikipita juu yetu chini chini kuelekea uwanja wa ndege hadi vikombe vinagongana kabatini, nasi tulishazoea kukatiza maneno katikati ya sentensi, kusubiri, kisha kuendelea palepale tulipoachia. Jiko lilikuwa la umeme, plate tatu zinawaka, ya nne imekufa na juu yake tumeweka kopo la chumvi. Mama Njeri alikuwa na miaka arobaini na minne, Mkikuyu wa Nyahururu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, naye mchana alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, Njeri akiwa bado Nyahururu. Adabu yangu ya Songea ilimchekesha kila siku ya Mungu. "Wee Skola, ati naomba chumvi. Kwani chumvi ni ya serikali? Sema leta chumvi." Nami namjibu, "Mama Njeri, kwetu ukisema leta chumvi unaletewa kofi." Na mimi nilimcheka kwa "ile ng'ombe" na "hiyo mbwa" zake. Nilijaribu kumsahihisha mara moja tu. Aliniangalia akaniuliza kama ng'ombe mwenyewe amewahi kulalamika.

Kazi aliyonitafutia ilikuwa ya kumtunza mzee mmoja aliyeitwa Walt, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyefiwa na mkewe, mapafu yamechoka na miguu imegoma. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwetu. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya dirisha kubwa la sebuleni, darubini mapajani, na kila siku saa sita mchana anakula kitu kilekile: supu ya nyanya ya kopo na biskuti za chumvi. Mimi nakula ugali wangu kando yake kwenye kibakuli cha plastiki. Siku moja aliuonja, akautafuna kwa muda mrefu, akasema ungefaa kuzibia nyufa za ukuta. Nikamwambia basi supu yake ipake rangi. Tangu siku hiyo tukaelewana. Nikiukumbuka mchana ule wa kimya, hita ikinguruma chini ya sakafu na kijiko chake kikigonga bakuli, naona ulikuwa mchana wangu wa raha kuliko yote niliyopata katika nchi hii, nami wakati ule nilidhani nasubiri tu maisha yaanze.

Kabla ya kustaafu, Walt alifanya kazi uwanja wa ndege, na kazi yake ilikuwa kufukuza ndege. Ndege wa mabawa, wasigongwe na ndege za abiria. Nilipomsimulia Mama Njeri aliacha kukanda unga. "Anafukuza ndege kwa uwanja wa ndege? Na watu wanasafiri aje?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake nikamweleza Walt, kwa Kiingereza chetu cha kila siku, kwamba kwetu neno ni moja tu kwa vyote viwili. Alilipenda neno lile kupita kiasi. Aliliandika kwenye kalenda ya ukutani, akawa analitumia hata pasipohitajika, na akasema lugha hiyo lazima ilitungwa na mtu aliyefanya kazi kama yake.

Mwishoni mwa Januari mwenzake wa zamani alimpigia simu kwamba ameonekana bundi theluji, bundi mweupe wa kaskazini, kwenye shamba la nyasi nyuma ya ua wa uwanja. Sijapata kuona mzee akichangamka vile. Alisahau supu ikapoa. Aliniambia kwamba kwao ni juu kabisa ya dunia, nchi isiyo na mti hata mmoja, ndiyo maana bundi huyu hana habari na miti. Anataga chini, kwenye kiinuko ambacho upepo umekifagia theluji. Anakula aina ya panya wanene wa kulekule, anawameza wazimawazima, kisha baadaye anatema kidonge cha manyoya na mifupa. Mwaka ambao panya ni wengi analea makinda mengi, na baridi ikija vijana hao wanatawanyika kwenda kusini, wengine hadi Virginia. Wakifika huku wanatafuta mahali panapofanana na kwao, tambarare, upepo mtupu, hakuna mti wa kuziba macho, na katika mkoa wetu mahali pa namna hiyo ni uwanja wa ndege. Anawinda hata mchana, kwa kuwa kwao wakati wa kiangazi jua halizami, na anaweza kukaa ardhini saa nyingi bila kufanya chochote ila kugeuza kichwa. Walt aliwahi kuwatega wanne katika miaka yake ya kazi na kuwahamishia mashambani mbali na ndege za abiria. Alinionyesha kwa mikono jinsi alivyowashika, jinsi vidole vya miguu vilivyojaa manyoya kama soksi, na jinsi walivyokuwa wepesi usivyotarajia. Nilimpenda bundi yule kabla sijamwona. Alikuwa ametoka mbali akapata panapofanana na kwao, na mimi nilikuwa nimeitafuta Songea Herndon nzima nisiione.

Jioni ile mezani nikaanza kumhadithia Mama Njeri, nikiwa bado na furaha ya Walt mdomoni. Aliweka tonge chini. "Usitaje hiyo kitu tukikula," akasema. Nilidhani anatania. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia, ingawa tulikuwa tumeishi pamoja miezi minane na tunajua hadi saizi za viatu vyetu. "Ilikuja kwetu, ikakaa juu ya ghala. Ikalia siku tatu. Ya nne, Baba Njeri akaanguka shambani, mwanaume mzima, hajawahi kuumwa hata kichwa. Hakuamka. Njeri alikuwa na miaka miwili. Sasa usiniambie hiyo ni hadithi ya wazee." Nilimpa pole. Halafu, kwa ujinga wa ujana, nikaongeza kwamba huyu wa Walt ni tofauti, akiwa huku wakati wa baridi halii kabisa. Mama Njeri alinitazama kwa huruma. "Inanyamaza? Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Ndege ikapita juu, tukasubiri ipite, na hatukuendelea tena na habari ile.

Katikati ya Februari binti wa Walt, Carol, alikuja kutoka Ohio. Nilikuwa chumbani juu nikitandika shuka, na sauti yake ikapanda kupitia tundu la hita kwenye sakafu, akizungumza na mumewe kwenye simu. Alisema nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee karibu na kwao, na Jumatatu ya kwanza ya Machi atakuja kumchukua baba. Alisema hawezi tena kuishi akisubiri simu. Sikumlaumu. Alikuwa amechoka, na alilia kidogo, na mimi nilibaki nimeshika foronya kama mwizi. Carol alipoondoka, Walt aliniambia mwenyewe, bila manung'uniko, kwamba amekubali. Jambo moja tu alilitaka kabla ya kwenda: amwone bundi yule. "Kule Ohio dirisha langu litaangalia maegesho ya magari," akasema. Daktari alikuwa amemkataza kutoka nje kwenye baridi kali, na baridi ilikuwa kali wiki baada ya wiki. Kila alasiri mwenzake anapiga simu, bado yupo, na kila alasiri Walt anaweka simu chini na kuangalia kalenda. Redio ikatangaza kwamba Jumamosi na Jumapili za mwisho zitakuwa na jua. Lakini Walt alijua, nami nilijua kwa kuwa alikuwa amenifundisha, kwamba joto likianza kurudi, bundi naye anarudi kwao.

Jumamosi ile nilikuwa na mtihani wa uuguzi Rockville, usioahirishika. Siku za Jumamosi Mama Njeri ndiye alikuwa akinishikia zamu kwa Walt, na yeye ndiye alikuwa na gari. Mimi hata leseni sikuwa nayo. Niliketi jikoni kwa Walt siku ya Ijumaa na kalamu, nikifikiria namna ya kumwachia maagizo. Nikiandika "bundi", hatakwenda. Nikiandika "ndege mweupe", atajua ni kiumbe, ataniuliza ni kiumbe gani. Nikiandika "ndege nyeupe", nitakuwa nimesema uongo. Basi nikaliandika neno peke yake, bila kitu cha kuliandama: "Mama Njeri, mzee anaomba aende kuona ndege kesho. Naomba umpeleke kule uwanjani saa nne, jua likishatoka. Umvalishe lile koti zito." Nilifikiri Walt mwenyewe atamwelekeza njia, na wakishafika shambani Mama Njeri atakuwa hana la kufanya. Nilijiona mjanja sana. Nikaikunja karatasi nikaibandika kwenye friji.

Niliporudi kwa Walt, kama saa kumi alasiri, Mama Njeri alikuwa anaosha bakuli la supu, ametulia, ameridhika na siku yake. "Mzee nimempeleka," akasema. "Nimemuingiza ndani kabisa, juu kwa ile vioo kubwa, nikamuweka mbele. Tumekaa masaa mbili. Alikuwa ananionyesha njia ya huko nyuma, nikamwambia hapana, huko ni matope, mimi najua mlango. Lakini huyo mzee ni wa ajabu, ndege zinaruka, yeye anaangalia kwa nyasi." Nikaenda sebuleni. Walt alikuwa bado na koti, uso umechoka, na aliponiona akatabasamu, maana yeye alikuwa ameshaelewa kosa lilipotokea. "Ndege kumi na nane, Skola," akasema. "Wote wenye magurudumu." Alicheka hadi akakohoa, nami nilijaribu kucheka, nikashindwa. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Nilirudi jikoni nikamwambia Mama Njeri kila kitu. Hakupaza sauti, yeye ambaye hata salamu huzipaza. Alitoa karatasi yangu mfukoni mwa aproni, akaisoma upya, polepole. "Ni ile kitu, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Ulijua nitakataa." Nikasema ndiyo. "Si ungeniuliza nikatae, Skola? Mtu akikataa, anaenda nyumbani anafikiria. Wewe ulinifungia hata hiyo." Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Jioni mezani nikamwomba chumvi, naye akanisogezea bila kunicheka. Miaka mingi imepita na nimewahi kufanya makosa makubwa kuliko lile, mengine kazini, mengine ya ndoa, lakini lile la kumdanganya mtu mzima kwa neno ambalo ningeweza kuapa mahakamani kwamba ni la kweli, bado linanipa aibu nikiwa peke yangu.

Jumapili haikuwa zamu ya mtu. Nilikwenda kwa Walt asubuhi, nikapigia kampuni za teksi, lakini hakuna iliyokuwa na gari la kubeba kiti chake siku hiyo. Saa sita na nusu tulisikia honi. Mama Njeri alikuwa nje na gari lake, suti ya kanisani, kofia, viatu vyeusi vyenye visigino. "Mlete haraka kabla nibadilishe mawazo," akasema. Njiani Walt alimwelekeza, kulia, kushoto, barabara nyembamba nyuma ya ua, naye alifuata bila kubishana hata mara moja. Tulipofika alilipaki gari ng'ambo ya barabara, mgongo kwa shamba. "Mimi sishuki na siangalii," akasema, akafungua kitabu cha nyimbo.

Nilimsukuma Walt hadi kwenye waya. Shamba lilikuwa limeenea mbele yetu, nyasi za rangi ya chai ya maziwa, na theluji imebaki mabakamabaka. Alilipitia shamba kwa darubini, nguzo kwa nguzo, kisha ardhi, kipande kwa kipande. Dakika ishirini. Upepo ulikuwa bado na makali na kikohozi kikaanza. Hatimaye alishusha darubini. "Ameshaondoka, Skola. Amefanya vizuri, kwao usiku mrefu wa baridi unaisha, kunaanza kupambazuka." Aliniambia hivyo kwa upole, kunibembeleza mimi, na hapo ndipo nilipolia. Nikageuza kiti turudi, gurudumu likazama kwenye matope, likakataa. Sikuwa na budi, nikamwita Mama Njeri.

Alishuka. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika kofia, macho yamekazwa chini kabisa ili asije akakutana na kitu juu ya nguzo au mti. Alivuka barabara hivyo, hatua kwa hatua, akihesabu vidimbwi. Katikati ya barabara akasimama. Alikuwa akiangalia chini, kando ya barabara upande wa pili, nyuma yetu sote, mahali ambapo hatukuwa tumegeuka hata mara moja.

"Skola," akasema taratibu. "Hiyo theluji iko na macho."

Bundi alikuwa ameketi ardhini kando ya baka la theluji, hatua thelathini kutoka tulipo, mweupe mwenye mistari ya kijivu kifuani, macho ya njano yamefumbwa nusu. Walt alisema kwa sauti ndogo kwamba ni jike, kijana, bado hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Hakuinua darubini. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Nilimtazama Mama Njeri nikitarajia akimbie. Alikuja mpaka kwenye kiti, akashika mpini mmoja, na mkono wa pili akauweka begani kwa Walt. Ndege ya abiria ikapita juu yetu kwa kishindo. Bundi hakutikisika, aligeuza kichwa tu, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Tulikaa vile sijui muda gani. Kisha akainuka, akapita chini chini juu ya barabara, karibu yetu, bila sauti kabisa, hata ya mabawa, akaingia shambani akapotea kwenye nyasi. "Ndege," akasema Walt, akimwangalia Mama Njeri. "Ndege," Mama Njeri akakubali.

Kesho yake Carol alikuja, akamchukua. Aprili, wiki moja baada ya Pasaka, alinipigia simu kwamba baba yake amefariki usingizini, na kwamba alikuwa akiwasimulia wauguzi wote habari ya wanawake wawili na bundi. Nilimlilia Walt siku nzima. Na katika kulia huko nilikuwa na hofu nyingine: kumwambia Mama Njeri. Wiki tangu tumwone bundi zilikuwa chache mno, hesabu ingemwangukia vibaya. Nilifikiria kumwambia tu kwamba Walt hajambo, ameizoea Ohio. Nilikaa na uongo huo mdomoni njia nzima kutoka kituo cha basi. Nilimkuta jikoni anakata sukuma, na nikamwambia ukweli hata kabla sijavua viatu.

Aliendelea kukata. Alimaliza fungu lote, akalisukuma kando kwa kisu.

"Hayo mapafu yalianza lini?"

"Miaka miwili nyuma. Kabla sijamjua."

"Kabla ya bundi."

"Kabla."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina lile. Alinawa mikono, akaifuta, akavuta kiti akaketi. Ndege ikapita juu, vikombe vikagongana, naye akasubiri itokomee.

"Yule wa kwetu nilimuua mimi," akasema. "Kwa mawe. Jioni ile tulitoka kuzika." Aliangalia mikono yake. "Mwaka huo tulikuwa tumevuna sana, Skola. Ghala ilijaa mpaka mlango, na panya walikuwa wengi wanatembea mchana. Alikuwa amekuja kula panya."

Nilitaka kumshika mkono, lakini hakuwa amemaliza.

"Na Baba Njeri alikuwa analia na kifua tangu Krismasi. Mimi ndiye nilimwambia ni vumbi ya mahindi."